DENI LINA MWENYEWE, MLANGO UNA MWENYEWE

Maneno tuliyosema mbele ya wapangaji na wenye nyumba wa Sange. Tunayachapa hapa kwa sababu wengi wametuomba, hasa ndugu wa machimbo ambao hawakuwapo.



Tulipoingia humu tuliona jambo moja. Hakuna mtu aliyewaonyesha pa kuketi, lakini mmejigawa wenyewe. Upande wa dirisha wameketi wenye nyumba. Upande wa mlango wameketi wapangaji. Katikati mmeacha nafasi pana kama mto Ruzizi. Tukamwona pia ndugu mmoja amesimama nyuma kabisa, tukamwuliza mbona haketi. Akatujibu: "Hapa Sange nina vyumba viwili nimepangisha. Kule Misisi mimi mwenyewe ninapanga. Basi niketi upande gani?"

Mmecheka, nasi tumecheka. Lakini ndugu huyo amekwisha kutoa hotuba yetu kabla sisi hatujafungua kinywa. Kwa maana siku hizi mwenye nyumba wa Sange si Kompani, wala si Bula Matari. Ni mjane aliyeachiwa vyumba viwili. Ni mwalimu mzee aliyejenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi. Na mpangaji si mtu mvivu. Ni mama anayeuza mchele na mihogo kando ya barabara namba 5, na mume wake yumo shimoni anatafuta dhahabu. Wote wawili ni watu wetu. Kwa hiyo hatukuja kuwagombanisha. Tumekuja kusema neno moja tu, nalo ni hili: deni ni haki ya mwenye nyumba, naye adai mpaka alipwe, lakini mlango ni wa mpangaji mpaka hakimu aseme vingine. Mkilishika neno hilo, magomvi nusu yamekwisha.

Tuwaeleze tuliyoyaona kwa macho yetu. Majina hatuyataji, kwa kuwa wenyewe ni jirani zetu.

Palikuwa na mama mmoja, mume wake amekwenda machimboni. Mwezi wa kwanza fedha zilifika kwa mkono wa dereva. Mwezi wa pili zilifika nusu. Baadaye kimya. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, alikuja kudai mara nne. Mara ya nne alijibiwa vibaya mbele ya watoto wake. Yeye naye mtoto wake amerudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya deni la masomo. Basi asubuhi moja ya masika mzee akaja na vijana wawili. Wakang'oa mlango. Wakapanda juu, wakatoa mabati matatu. Jioni mvua ikanyesha, godoro likalowa, watoto wakalala jikoni kwa jirani.

Kesho yake tuliitwa. Tukawakuta wote wawili wanalia, kila mmoja kwa uchungu wake. Tukasema: kwanza tufanye hesabu. Mzee akasema anadai miezi mitano. Mama akasema anadaiwa mitatu. Tukaomba karatasi. Hakuna karatasi! Mmoja anahesabu kwa kukumbuka mvua, mwingine anahesabu kwa kukumbuka msiba. Tulikaa tangu asubuhi mpaka jua likapita kichwa.

Sikilizeni hesabu yenyewe, kwa maana hapo ndipo penye fundisho. Kodi ilikuwa franka 25,000 kwa mwezi. Miezi mitano ni franka 125,000. Tulipouliza majirani, ikaonekana kwamba mwezi mmoja mama alilipa mkononi mwa kijana wa mzee, na kijana hakusema nyumbani. Ikabaki miezi minne, franka 100,000. Tena ikaonekana kwamba mke wa mzee alipokea mchele kwa mama huyo, "tutahesabu baadaye," wala hapana aliyehesabu. Wakakubaliana mchele ule ni nusu ya mwezi. Ikabaki franka 87,500. Halafu mtu mmoja mwenye akili akauliza: "Na garanti iko wapi?" Wote wawili wakanyamaza. Siku ya kuingia mama alitoa garanti ya miezi mitatu, franka 75,000, na fedha hizo zilikuwa zingali kwa mzee.

Sasa toeni 75,000 katika 87,500. Kama mama angefunga mizigo siku ile na kuondoka, deni lote lililobaki baina yao lingekuwa franka 12,500. Kwa franka 12,500 mlango ulivunjwa, mabati yalitobolewa misumari, watoto walinyeshewa, na majirani wawili waliacha kusalimiana. Wazee wetu walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza: na ujirani hupotea pamoja nayo.

Jioni ile mlango ulirudishwa. Mabati mawili yalirudi, la tatu lilikuwa limepasuka. Tuliandika karatasi mbili, kila mmoja akachukua yake: deni ni kiasi hiki, litalipwa kidogo kidogo kila mwezi pamoja na kodi mpya. Hatutawadanganya kwamba mambo yalikwenda kama asali. Mwezi wa tatu mama alichelewa tena, mzee akanuna tena. Lakini hakuna aliyepanda juu ya nyumba. Mwishoni mume alirudi mikono mitupu, wakahama kwa miguu yao, godoro kichwani, wakaagana na mzee mlangoni. Huo ndio ushindi tunaoutaka. Si mkubwa, lakini ni wa watu.

Sasa wenye nyumba watatuuliza: "Nyumba ni yangu, mlango nilinunua mimi. Nani atanikataza kuung'oa?" Ni swali la haki, nasi tutalijibu.

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, ina vifungu viwili ambavyo kila mtu wa Sange angevijua kama anavyojua njia ya sokoni. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu ni takatifu. Hicho ni chako, mwenye nyumba. Hakuna wa kukunyang'anya chumba chako wala kodi yako. Kifungu cha 29 kinasema makao ya mtu hayaingiliwi, ila kwa njia zilizowekwa na sheria. Hicho ni chako, mpangaji. Ukishampa mtu ufunguo kwa mapatano, nyumba inabaki mali yako, lakini imekuwa makao yake. Hivyo unaweza kuwa mwenye mali, na bado ukawa mvunja sheria ukiingia kwa nguvu. Ndiyo maana wanaokwenda kumwita askari rafiki aje na bunduki kumtisha mpangaji wanajitafutia mashtaka mawili: moja lao, moja la askari.

Tena tukumbuke desturi hii ya kutupa mizigo ya mtu nje ilitoka wapi. Ninyi watu wa machimbo mnajua kuliko wengine. Katika makambi ya Union Minière kule Katanga, nyumba ilikuwa sehemu ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha siku ileile. Katika miji ya Waafrika iliyoundwa na Wabelgiji kwa amri ya tarehe 23 Novemba 1931, mtu alikaa kwa karatasi ya ruhusa, na asiye na kazi aliweza kurudishwa kijijini kama mzigo uliokosa anwani. Hakuna aliyemwuliza kama ana mtoto mgonjwa. Hata baada ya Uhuru tuliona mabaki ya desturi hiyo. Kompani ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ilipofungwa mwaka 1997, watumishi wa Kamituga na machimbo mengine walibaki makambini wakidai hesabu yao ya mwisho, hawajui nyumba ni yao au si yao. Baba zetu hawakudai Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ili kila mwenye vyumba viwili awe Bula Matari mdogo katika ua wake. Uhuru wa mtu unaanzia mlangoni pake.

Basi mwenye nyumba afanye nini na mtu asiyelipa? Asikae kimya. Adai, lakini adai kwa njia yake. Iko sheria ya nchi juu ya nyumba za kupanga, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Tuieleze kwa ufupi.

Kwanza, mapatano yaandikwe. Jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, kodi ni kiasi gani, inalipwa tarehe gani, garanti ni kiasi gani, na nyumba ilikuwa na hali gani siku ya kuingia: milango mingapi, mabati yanavuja au hayavuji. Asiyejua kuandika atie kidole mbele ya shahidi. Na fedha itajwe wazi ni ya namna gani. Hapa kwetu watu wanapatana kwa dola, wanalipa kwa franka za Kongo, na wengine wanaleta franka za Burundi. Kila mtu anabadilisha kwa bei inayompendeza, na hapo magomvi yanazaliwa.

Pili, garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Kule Kinshasa wako wenye nyumba waliozoea kudai hata miezi kumi. Mtu wa namna hiyo anatafuta mtaji wa biashara, si mpangaji. Na garanti si zawadi, wala si kodi. Ni amana. Inangojea siku ya kuondoka, ifunge hesabu ya kodi iliyobaki na vitu vilivyoharibika, na kinachobaki kirudi kwa mwenyewe. Mpangaji asiseme katikati ya safari, "Kula garanti yangu." Na mwenye nyumba asiitumie halafu akasahau, kama mzee wetu yule.

Tatu, anayetaka kuvunja mapatano atoe habari mapema, kwa maandishi. Kwa nyumba ya kukaa ni miezi mitatu. Mwenye nyumba hawezi kusema leo, "Kesho utoke, mtoto wangu anaoa." Na mpangaji hawezi kuhama usiku na mwezi, akaacha deni na ufunguo chini ya jiwe.

Nne, magomvi yakitokea kuna ngazi, na ngazi haipandwi kwa kuruka. Anzeni ninyi wenyewe, na shahidi mmoja kila upande. Ikishindikana, andika barua ya kudai, ubaki na nakala yake. Ikishindikana, nendeni kwa shefu wa kartie na ofisi ya makazi ya Serikali, wawapatanishe; wakishindwa, wawape karatasi kwamba wameshindwa. Ikishindikana hapo, nendeni mahakamani, mbele ya hakimu. Hakimu akisema mpangaji atoke, hata siku hiyo si mwenye nyumba anayemtoa. Anayemtoa ni mjumbe wa mahakama, mwenye karatasi ya hukumu mkononi. Asiye na karatasi ya hukumu, awe shefu, awe askari, awe mtoto wa nani, hana ruhusa ya kugusa sufuria ya mtu.

Tunasikia mtu ananong'ona: "Mahakama ni mbali, tena inakula fedha." Ni kweli. Mjane mwenye vyumba viwili hawezi kupoteza siku zake zote njiani. Ndiyo sababu tunatilia nguvu ngazi za chini. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri mbele ya shefu inaweza kuokoa safari nyingi. Lakini shefu naye asiombe bia kabla ya kusikiliza, wala asimpendelee aliyemtangulia kufika. Shefu anayekula pande mbili ameharibu ngazi, na watu watarudi kwenye nyundo na mabati.

Sasa tuingie katika neno gumu, neno lililotuleta hapa: miezi ya taabu.

Sisi wa Uwanda wa Ruzizi tunajua kwamba nyumba inaweza kutoweka kwa usiku mmoja. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapahapa Sange, moto ukala nyumba za kando ya barabara na watu waliokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Waliokufa walipita 230. Aprili 2020 mito ya Uvira ilifurika, nyumba maelfu zikaenda na maji. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia vyumbani. Februari 2025 vita vilifika Bukavu. Huko na Goma benki zilifungwa, na watu wa mshahara wakabaki bila mshahara. Desemba 2025 vita vikashuka kwetu Sange na Uvira, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Waliporudi wengine walikuta ufunguo wao hauingii tena mlangoni, na wengine walikuta mwenye nyumba anangoja na daftari.

Nani anadaiwa kodi ya miezi hiyo? Tutenganishe mambo.

Nyumba iliyokwisha kabisa, kwa moto au kwa maji, haina kodi. Amri ya zamani juu ya mapatano, ya tarehe 30 Julai 1888, ilikwisha kusema hivyo: kitu kilichopangishwa kikiangamia chote kwa msiba, mapatano yamekwisha yenyewe. Kikiangamia nusu, mpangaji anaweza kuomba kodi ipunguzwe au mapatano yavunjwe. Na garanti ihesabiwe, kwa kuwa garanti haikuungua pamoja na nyumba.

Nyumba iliyosimama, lakini mpangaji alikimbia risasi na mwenye nyumba akaweka mtu mwingine ndani: huyo mwenye nyumba asidai miezi hiyo. Nyumba moja hailipwi mara mbili.

Nyumba iliyosimama tupu, mizigo ya mpangaji ndani, yeye kambini, na mwenye nyumba naye kambini: hapa hatuwaletei sheria, tunawaletea shauri. Kaeni mwandike kwamba hasara ni ya wote wawili. Wengine wamegawana nusu kwa nusu. Wengine wamesamehe miezi ya mbio, wakaanza kuhesabu tangu siku ya kurudi. Lo lote mtakalopatana ni jema, mradi liandikwe na lisifanywe kwa mlango uliong'olewa. Hapana ubishi kwamba deni ni deni. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini vita havikukopwa na mpangaji, wala havikukopwa na mwenye nyumba.

Wengine mnadhani haya ni mambo madogo, si kazi ya watu wanaosema juu ya nchi. Tutazame ng'ambo kidogo. Kule Unguja, mwaka 1928, watu maskini wa mtaa wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao za udongo zilizosimama juu ya viwanja vya matajiri. Kodi za viwanja zilipopandishwa, walikataa pamoja, na wanawake walikuwa mbele. Wengine walishtakiwa, wengine walitiwa kifungoni. Mwishoni Serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi zile. Watu wale hawakuwa na bunge wala kura. Nguvu yao ilikuwa kusema neno moja pamoja. Sisi tuna Katiba, tuna sheria imekwisha andikwa. Tunachokosa ni kuijua na kuishika.

Kwa hiyo, kabla hatujaachana, tuna maombi machache.

Ninyi vijana wa machimbo, mkimtuma dereva na fedha, mtumeni na karatasi pia: kiasi gani, cha mwezi gani. Na kama shimo halikutoa kitu, semeni. Mwenye nyumba anayeambiwa ukweli tarehe mbili anavumilia kuliko anayefichwa mpaka tarehe thelathini. Msiwaachie wake zenu aibu ambayo si yao.

Ninyi mama mnaolipa, msilipe mkononi mwa mtoto. Msitoe mchele wala samaki bila kutaja bei. Nunueni daftari moja tu la shule. Ukurasa mmoja unatosha mwaka mzima. Kila mwezi mwenye nyumba atie sahihi.

Ninyi wenye nyumba, msione haya kudai mapema. Deni la mwezi mmoja linalipika; deni la miezi sita linazaa uadui. Toeni kikaratasi cha malipo bila kuombwa. Na hasira ikipanda, wekeni nyundo chini, mje mtuite, hata usiku.

Nanyi mashefu, wekeni siku moja katika juma kwa magomvi ya nyumba, watu wajue wapi pa kwenda.

Tunaona yule ndugu wa vyumba viwili bado amesimama. Ndugu, njoo uketi hapa katikati, katika nafasi hii iliyoachwa. Na ninyi wa dirishani na ninyi wa mlangoni, sogeeni kidogo. Meza iko hapa, kalamu ziko hapa, na tumeleta daftari. Wenye hesabu ya zamani waje wawili wawili, tuandike kabla jua halijazama.